Ua Lililoshonwa Pasipo Pake

Saa moja asubuhi, wafagiaji hawajamaliza korido, profesa wa mimea anafungua kabati la chuma namba kumi na saba. Harufu ya majani makavu na dawa ya wadudu inampiga puani. Anatoa jalada moja, analilaza chini ya taa, anavaa miwani. Kisha analitazama kama aliyepokea barua ya msiba.

Juu ya karatasi ngumu kuna tawi lenye majani saba na kishada cha maua yaliyokuwa ya zambarau, sasa yana rangi ya chai. Vyote vimeshonwa kwa uzi mweupe, mishono midogo iliyonyooka.

“Karatasi hii ndiyo iliyonipa uprofesa,” anasema. “Na si ya kweli.”

Ana miaka sitini na nne, na imebaki miezi minne astaafu. Aliingia chuoni kama msaidizi wa kuandika vibandiko vya sampuli, akasoma jioni, akapanda ngazi moja moja. Kuna wakati alifundisha miaka kumi na mmoja bila kupandishwa cheo, huku vijana aliowafundisha yeye mwenyewe wakimpita na kumpungia mkono. Sampuli elfu sita za hifadhi hii ya mimea mikavu amezikusanya kwa miguu yake. Magoti yake yanazikumbuka zote.

Kilichomtoa gizani ni mmea mmoja. Miaka ishirini na saba iliyopita alirudi kutoka mlimani na mzigo wa mimea na homa kali. Sampuli zilitakiwa Jumatatu, gundi ya idara ilikuwa imekwisha, naye hawezi hata kukaa. Mama yake, fundi cherehani, akamwambia alale, akachukua sindano na kuzishona karatasini moja baada ya nyingine, arobaini na mbili kwa siku mbili.

Mmoja kati ya mimea hiyo haukufanana na wowote unaojulikana. Majani ya ukoo huu, maua ya ukoo ule. Wataalamu walishangaa, jarida likachapisha, na yeye akaupa mmea huo jina la mama yake kwa Kilatini. Tangu hapo picha ya mmea huo imetundikwa sebuleni kwa mama, na mgeni hamalizi kikombe kabla hajaelezwa habari zake.

Ila hakuna aliyeuona tena. Baada ya miaka ishirini ukatangazwa kuwa umetoweka duniani. Profesa mwenyewe alisoma hotuba ya kuulilia, na anakiri kwamba machozi yalimtoka kweli.

Mwanafunzi wake wa uzamivu, mama wa watoto wawili aliyeacha ualimu wa sekondari ili asome, ndiye aliyekataa kuamini. Alipanda mlima ule mara tano akautafuta, akarudi mikono mitupu. Mwaka huu akaiweka karatasi yenyewe chini ya hadubini. Kikonyo cha ua hakikuungana na tawi. Palikuwa na mwanya mwembamba, na juu ya mwanya palikuwa na uzi. Majani ni ya kichaka cha kawaida, na maua ni ya mmea utambaao unaojulikana tangu zamani.

Alikaa na siri hiyo wiki tatu. Alipoingia ofisini kuisema, profesa anakumbuka, alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili na hakutaka kukaa.

“Alidhani nitamfukuza,” anasema profesa. “Na siku ile, nisiwe mnafiki, nilitamani kumfukuza.”

Wenzake wawili wa idara walimshauri afunike kombe mwanaharamu apite. Astaafu kwa heshima, binti aandike kwamba mmea ulitoweka, nani atahoji? Lakini binti angejengea shahada yake juu ya uongo, na profesa amekuwa akiwafelisha watu kwa makosa madogo kuliko hilo. Kusema hadharani hakukumtisha sana. Kilichomkosesha usingizi ni ajuza wa miaka themanini na sita mwenye picha ukutani. Atamwambiaje kwamba mmea wake haujawahi kuwepo, na kwamba aliyeuumba ni yeye, kwa sindano?

Jumamosi iliyopita alikwenda. Alizunguka weee, akauliza habari za mgongo, za macho, za majirani. Mwisho akasema yote. Mama, aliyekuwa akishona kifungo kwa kupapasa, hakuinua kichwa.

“Nakumbuka,” alisema. “Nilipogeuza karatasi kuna ua lilianguka. Nikalirudisha pale lilipopendeza.”

“Mbona hukuniuliza, mama?”

“Ulikuwa unaungua kwa homa, nikuamshe kwa ajili ya ua? Na wewe ulipopona, mwanangu, mbona hukuangalia?”

Profesa akaanza kuomba radhi kwa lile jina litakalofutwa, mama akamkatiza. Jina lake anatembea nalo, alisema, hakuna anayemfutia.

Makala ya kusahihisha inapelekwa jaridani wiki ijayo, jina la mwanafunzi likitangulia. Ikikubaliwa, binti ataomba nafasi ya kufundisha, na profesa anatumaini ndiye atakayemwachia funguo za makabati haya.

Rasimu ya kwanza, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ilisema kosa lilifanywa na “msaidizi”. Mama alipotafsiriwa neno hilo alikasirika kuliko alivyokasirikia habari yenyewe. Msaidizi gani? Yeye ana kazi yake inayojulikana. Kwa hiyo profesa ameandika upya, na anasema wahariri wakiikata sentensi hii ataondoa makala yote: “Maua yalishonwa na mama mzazi wa mwandishi wa pili, fundi cherehani, wakati mwandishi huyo akiwa mgonjwa; naye alipopona, hakuyakagua.”