Maua ya Kipaimara kwenye Boma la Ndama

Binti yangu anafanya kazi shamba la maua Usa River, na ndiye aliyeniletea kichaka cha maua mekundu kinachoitwa kwinsi. Baridi ya huku kwetu Oldonyo Sambu kiliipenda. Kilipukutisha majani yote kikabaki miiba na vitumba. Nilikitunza kuliko mbuzi wangu, maana mjukuu wangu alikuwa anapata kipaimara na nilitaka maua yangu yakae madhabahuni.

Wiki ya kipaimara nikakuta kisiki. Jirani yangu, mzee wa ng'ombe, alikuwa amekata matawi yote akazibia boma la ndama wake.

"Mzee, umeniua!"

"Bibi, nimekusafishia uwanja. Kile kitu kilishakufa, na miiba yake hata fisi anaiogopa."

Nikaacha kumsalimia. Jumamosi nikasikia vigelegele kwake. Vitumba vya yale matawi yaliyokatwa vilikuwa vimechanua, boma limekuwa jekundu, na kina mama wa kwaya wanapiga picha katikati ya mavi ya ndama. Mzee amevaa koti, anawaeleza namna ya kutunza maua!

Walimwomba maua ya kanisani, akawapa. Jumapili yakakaa madhabahuni, yananuka ndama kidogo. Mchungaji akamshukuru mzee kwa kazi ya mikono yake, naye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Nikasimama. "Mchungaji, huyo aliiba miiba. Maua ni yangu!"

Mjukuu wangu akajifunika uso. Sikukaa mpaka mchungaji aliporudia shukrani upya, safari hii kwa mwenye maua.