Kadi Iliyobaki Misheni

Mimi sikuzaliwa na subira. Hata leo ukiniweka kwenye benchi la hospitali, baada ya dakika tano nimeshasimama, nimekwenda dirishani, nimerudi. Siku ile pale Kahama, miaka ya sabini, nilikuwa mbaya zaidi. Binti yangu wa miaka mitatu alikuwa akihema kwa mbavu, na mama mkwe wangu ameketi kando yangu ametulia tuli, utulivu ulioniudhi karibu sawa na ugonjwa wenyewe.

"Ni nimonia," daktari alisema. "Amewahi kudhuriwa na dawa yoyote?"

Nikamwambia ndiyo. Mwaka uliotangulia, kwenye zahanati ya misheni kwetu karibu na Segese, alichomwa sindano akavimba uso mpaka macho yakafumba, na pumzi ikawa ya kuvuta kwa shida.

"Sindano gani?"

Hapo nikakwama. Sista alikuwa ameiandika kwa wino mwekundu kwenye kadi, lakini kadi za misheni hazikutoka misheni. Zilikaa kwenye sanduku lao, za serikali zikakaa serikalini, wala hazikuamkiana. Na mimi kisomo cha watu wazima kilikuwa bado hakijanifikia.

Daktari akaenda kwenye redio ya upepo, chumba cha pili, akawaita misheni. Tukamsikia kupitia mlangoni. "Jina la mtoto?" akauliza.

Mama mkwe akajibu kabla sijafumbua mdomo. Akataja jina jipya, la marehemu mama yake. Baada ya ile sindano mtoto alikuwa akipata homa kila mwezi, tukampeleka kwa mfumu, naye akapiga ramli akasema bibi huyo marehemu anataka mtoto aitwe jina lake. Tukambadilisha. Tangu hapo la zamani halikutajwa nyumbani, maana kulitaja ni kumchokoza bibi. Nami niliamini, nisidanganye. Homa zilikuwa zimekoma kweli.

"Hawana kadi ya jina hilo," daktari alisema aliporudi. "Nitaanza na penisilini, siwezi kungoja zaidi. Huenda ile ilikuwa dawa nyingine."

Nikasimama. Nikaketi. Nikasimama tena. Mama mkwe akanishika mkono.

"Tulia, mwanangu," alisema, na nilijua anajua ninachowaza. Nilimwogopa yeye, nikamwogopa bibi kaburini, nikaogopa homa zile kurudi. Muuguzi akaja na trei yake.

Kisha nikalitamka jina la zamani, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Daktari akarudi mbio redioni. Kadi ikapatikana palepale: penisilini, asichomwe tena maisha yake yote. Wakampa dawa nyingine, na siku ya nne akaomba uji.

Mama mkwe alinipa mgongo njia nzima. Tulipofika nyumbani alimwaga pombe ya mtama chini, akamwomba mama yake radhi kwa niaba yangu, yakaisha.

Binti huyo sasa ana watoto wake, na ukoo mzima husimulia jinsi nilivyomwokoa. Wakianza tu, mimi huenda jikoni kutazama chungu. Hawajui kwamba nilipofumbua kinywa, muuguzi alikuwa ameshampaka mtoto spiriti pajani, na kwamba nilimwangalia akimpaka, nimenyamaza.