Nilivyomnyima Maziwa

Vita vilipotufungia ndani ya seng'enge hapa Garissa, binti yangu wa miaka saba alinichosha mpaka nikatamani kulia. Kila siku nguo chafu. Nafua, naanika, hata hazijakauka kashachafua nyingine. Na maji yenyewe mtoni tuliruhusiwa kuteka saa chache tu, askari wakituhesabu langoni kama mbuzi.

Nikasema huyu anahara. Basi nikafanya ambacho mfugaji yeyote angefanya: nikamkatia maziwa ya ngamia, maana yanalegeza tumbo, nani asiyejua hilo? Nikampa ugali mkavu na chai ya rangi. Kile kibuyu kimoja cha maziwa tulichopata wakanywa wadogo zake, yeye anawatazama. Wapi! Kuchafua kukazidi. Chuoni wenzake wakaanza kumhama mkekani, na mwalimu akaniambia nisimlete mpaka apone. Mtoto aliyependa Kurani kuliko chakula akawa anashinda nyuma ya nyumba peke yake. Nami, Mungu anisamehe, nilimchapa. Nilidhani ni uvivu.

Nilipochoka kabisa nikampeleka zahanati. Daktari, mtu wa kutoka bara, alimbonyeza tumbo, kisha akaushika mkono wangu nibonyeze mwenyewe. Chini ya kitovu palikuwa pagumu kama jiwe. Akasema mtoto hahari, amefunga choo siku nyingi, na kinachochafua nguo ni majimaji yanayopenya pembeni. Nikabishana naye. Akauliza nampa nini. Nilipomtajia akasema nimrudishie maziwa, nimpe maji, nimkalishe chooni kila akimaliza kula, bila kumkaripia. Tena si siku mbili, ni miezi. Huyu anabana kwa makusudi, akasema, kamuulize sababu.

Miezi! Nilitoka pale nimekasirika, sijui hata nimkasirikie nani. Njiani nikamuuliza. Alisimama, akatazama chini. Akaniambia kwamba kabla hatujafungiwa, askari walimkuta kichakani amechuchumaa, wakamwelekezea bunduki, wakacheka. Tangu siku hiyo akichuchumaa anawasikia.

Nikakaa pale pale mchangani.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Hooyo," akasema, vile tunavyowaita mama zetu, "kila nikija kukuambia, unanipiga."