Siku Tulipoacha Kuuliza "Niweke?"

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa bluzi, koti jeupe la kazi, ya mutu mrefu, ikafagia sakafu nzima ya reanimasyo, chumba cha wagonjwa mahututi. Shefu wa sali, mkubwa wetu sisi wauguzi, akacheka: "Mama Zaina, ufagio tunao!" Shule niliacha mapema, lakini vita vilikuwa vimepunguza watu, hospitali ikachukua mikono iliyokuwepo. Mume wangu, fundi wa magari mtaa wa Buyenzi, akasema sasa nyumba ina mafundi wawili. Huyo alipenda maneno! Tumuache.

Shefu ndiye aliyenifundisha kusikiliza mapigo, kuingiza kateteri, ule mrija mwembamba wa kwenye mshipa, na kufunga serumu, maji ya dawa yanayoshuka kutoka kwenye chupa. Alinisimamia mpaka mkono ukatulia. Ila humuwekei mgonjwa kitu kabla ya kumuuliza dogiteri: "Niweke?" Hata mwenzangu Joselyne, mwenye diploma yake, aliuliza. Na mshipa wa shingo ulikuwa wa dogiteri peke yake.

Basi kolera, kipindupindu, ikaingia. Watu walikuwa wamekimbia milimani, wamejazana mjini, maji safi hakuna. Wagonjwa wakalala mpaka kwenye korido. Asubuhi moja risasi zikalia, barabara zikafungwa, dogiteri akakwama kwake mtaa wa Mutanga Sud, shefu naye hakufika. Ndipo mwanaume wa Kanyosha akaingia na mke wake mgongoni. Macho yamezama, ngozi ukiifinya inabaki imesimama, mapigo ya mkono siyasikii. Nikajaribu mikono, nikajaribu miguu: mishipa yote imelala.

Joselyne akakimbilia simu. "Dogiteri, tuweke shingoni?" Simu ikakatika kabla ya jibu.

"Tungoje," akaniambia. "Wakitufukuza?"

"Akifa je? We umemuona dogiteri akifanya, mi nimemushikia taa. Shika kichwa!"

Mume wa mgonjwa akatukodolea macho. "Kwani ninyi ni madogiteri?"

"Leo ndiyo, baba. Leta matofali yale ya mlangoni!"

Tukainua kitanda kwa matofali upande wa miguu, kichwa kikashuka. Joselyne akamgeuza uso pembeni, akabonyeza juu ya mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo. Mshipa ukavimba. Nikaingiza. Damu ikarudi kwenye kateteri! Serumu haikudondoka, ilimiminika! Chupa baada ya chupa, mpaka mama yule akafungua macho, akamuuliza mumewe: "Viatu vyangu umeviacha wapi?" Korido nzima ikapiga makofi!

Mchana dogiteri akafika kwa miguu, jasho tupu. Akaiona shingo. "Nani ametoa ruhusa?"

"Apana mutu, dogiteri," Joselyne akajibu. "Tumeweka."

Akagusa plasta taratibu, akakaa pembeni ya kitanda. "Basi tangu leo musiniulize 'niweke'. Muniambie 'nimeweka'. Nitawafundisha yote."

Na kweli, akatufundisha mmoja mmoja, Joselyne akionyesha. Mungewaona wale wauguzi! Watu waliokuwa wakitembea kando ya ukuta, sasa wanapita katikati ya korido, wanaitana: "Nimeweka! Nani anafuata?"

Sasa nimestaafu, vijana wananiuliza kama niliogopa. Niliogopa sana, wanangu, na nilifurahi sana, yote pamoja. Wapo waliokufa mbele yetu, siwafichi. Lakini baada ya siku ile, hakuna aliyekufa huku sisi tumekunja mikono.