Robota Lililoandikwa Birgunj

Watu wakisikia Nepal wanaona mlima. Mlima, theluji, mzungu na fimbo zake mbili, basi. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka nilipopangiwa chumba kimoja na binti wa Birgunj hapa Guangzhou, tunakosomea usafirishaji. Siku ya kwanza nilimwuliza kama kwao kuna baridi sana. Alicheka hadi akakaa chini. Kwao, akaniambia, ni tambarare tupu, joto la kufa mtu, viwanda vya sabuni na saruji na nondo kandokando ya barabara, na mpaka wa India uko pua na mdomo na nyumba yao.

"Na malori je?" nikamwuliza.

"Malori! Foleni haina mwisho."

"Dada, wewe ni mtu wa Tunduma," nikamwambia. Mimi kwetu ni Tunduma, mpakani na Zambia, na aliyekulia mpakani nikimwona namjua. Tulishibana tangu siku hiyo.

Muhula uliopita aliomba kufanya utafiti wa shahada yake ya uzamili juu ya Birgunj. Msimamizi wake, profesa mwenye upole unaoudhi kuliko kelele, akamwambia abadilishe, aandike utalii wa milimani. Nani atasoma habari za kijimji cha mpakani? Akampa nafasi moja tu ya kujitetea mbele ya jopo. Akishindwa, ni milima. Shoga yangu alirudi chumbani akajifunika shuka mchana kweupe. Baba yake amefanya kazi kiwanda cha sabuni huko maisha yake yote, na shoga yangu alishamwahidi kwamba mji wao utaandikwa. Mimi nilikasirika kuliko yeye. Eti kijimji! Hivi mizigo ya watu inapita wapi, hewani?

Asubuhi ya siku ya jopo bado alikuwa amelala anautazama ukuta. "Hebu inuka," nikamwambia. "Twende Zhanxi."

Zhanxi ni mtaa wa viatu vya jumla, karibu na stesheni. Naujua kwa sababu huwa nawatafsiria wafanyabiashara wa kwetu. Pale robota likishafungwa na kuzungushiwa selotepu, mwenye mzigo huandika ubavuni, kwa kalamu nene, linakokwenda na linakopitia. Ya kwetu utaona yameandikwa Tunduma wakati viatu ni vya Lubumbashi. Tukaenda kwenye duka wanakonunua Wanepali. Laoban, bosi wa duka, akatufukuza kabla hatujasema tunataka nini. "Meiyou, meiyou!" Hakuna, hakuna! Sikubanduka. Nyuma yake nilikuwa nimeshaliona: robota kubwa limeandikwa Kathmandu, na chini yake, kwa herufi kubwa zaidi, BIRGUNJ.

Mwenyewe alikuwa amelikalia akinywa chai, mzee mmoja wa Kathmandu mwenye kitambi chake. Shoga yangu akamwamkia kwa Kinepali, akamweleza shida yetu. Mzee akakubali kutuazima robota lake tulipeleke mbele ya jopo, kwa sharti moja: halitoki machoni pake. Ndivyo tulivyoingia chuoni, wasichana wawili tunasukuma mkokoteni, na mzee wa watu nyuma kashika kamba kama anapeleka mbuzi mnadani. Loh! Wanafunzi walitupiga picha mpaka basi.

Mbele ya jopo shoga yangu aliganda. Profesa akalitazama robota, akamtazama mzee, akauliza kwa ule upole wake, "Hii ni nini?"

"Viatu," akajibu shoga yangu. Halafu sauti ikamrudia. "Vimeshonwa hapa, vinakwenda Kathmandu. Profesa, China na Nepal zimepakana. Kwa nini havipandi mlima?"

Akaligonga robota kwa kiganja, akajijibu mwenyewe.

"Kwa sababu mlima mnaotaka niuandike ndio unaovizuia. Mvua ikinyesha, barabara za kule zinaporomoka. Kwa hiyo vinapanda meli, vinazunguka hadi Kolkata, India, vinapanda treni, vinakuja kushukia bandari kavu ya Birgunj. Nchi yetu inakula na kujenga kwa vitu vinavyopita pale. Mpaka ule ukifungwa, Kathmandu wanakosa gesi ya kupikia. Na Wahindi wa ng'ambo wanavuka kila asubuhi kuja kutafuta riziki kwenye viwanda vyetu. Watu wanapiga picha mlima, profesa. Lakini wanaishi kwa Birgunj."

Nilikalia mikono yangu ili nisipige makofi. Jopo likanong'onezana. Mama mmoja wa jopo akainuka, akaja kulishika robota na kupitisha kidole juu ya yale maandishi. Na profesa, nimpe haki yake, hakujikaza bure.

"Nafundisha usafirishaji," akasema, "na Nepal nimekuwa nikiitazama kama mtalii. Andika Birgunj."

Kwenye korido shoga yangu alimpigia simu baba yake. Kibhojpuri, lugha ya nyumbani kwao, sijui hata neno, lakini nilisikia Birgunj, kisha kwenye simu baba mtu mzima analia na kucheka kwa pamoja. Hapo nilishindwa. Nilipiga vigelegele, vile vya harusini hasa, milango yote ikafunguka. Mlinzi akaja mbio anauliza nani kaumia.

"Hakuna aliyeumia, kaka," nikamwambia. "Tumeshinda!" Nikavuta pumzi, nikaendelea na vigelegele vyangu.