Amri Iliyongoja Mlangoni

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kesi, nilipewa muhuri. Mkuu wa Sheria wa wakati huo, mzee wa suti ya kijivu hata jua liwake namna gani, alinipeleka kwenye meza ya masijala, ndipo faili zote zinapoingilia na kutokea, akafungua droo na kunikabidhi muhuri wa kupokelea hati.

"Umesoma sheria miaka mingapi, Wakili?"

"Minne, mzee. Na mwaka mmoja wa shule ya mawakili."

"Basi ongeza hii. Karatasi ya korti ikiingia hapa, piga muhuri, andika tarehe na saa, tia sahihi. Kabla ya hapo Mji haujui kitu. Baada ya hapo Mji unajua kila kitu. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Uongo mtupu, nilikuwa nawaza chai.

Mji wenyewe sitautaja, maana wako watu bado wamo maofisini humo na mimi sitaki simu za asubuhi. Ni mji wa ufuoni, si mbali sana na Kisumu. Mimi nilikuwa nikikaa Kondele, mtaa wa Kisumu, na kwenda kazini kila siku. Kwetu hasa ni Seme, ndiyo maana wazee waliniita nyar Seme, binti wa Seme, hata baada ya mvi kunijaa kichwani.

Kazi yetu sisi mawakili wa manispaa ilikuwa kesi za madai. Hizi si za wezi na wauaji. Ni za mtu anayesema Mji umemkosea naye anataka haki yake: umemnyima leseni, umemvunjia kibanda, umeacha mtaro wazi. Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya fahali aliyetumbukia kwenye mtaro wa maji machafu. Nilimuuliza mwenye fahali kortini, "Huyo fahali alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Watu wakacheka, mimi nikajiona mwerevu. Tukashindwa kesi. Mkuu wa Sheria alinirudisha ofisini, na mlangoni akaniambia, "Wakili anayechekesha korti huwa hana hoja." Mzee yule angekaa muda mrefu zaidi pale, huenda haya mengine nisingekuwa nayo ya kusimulia.

Alipostaafu alikuja mwingine, kijana wa viatu vya ncha, akakaa kidogo akahamia Nairobi. Mimi nikapanda ngazi, kutoka msaidizi hadi Wakili Mkuu wa Kesi, yule anayesimama mbele ya jaji na jina la Mji mdomoni. Kiti cha Mkuu wa Sheria kikawa wazi. Nilikitaka. Nasema waziwazi kwa sababu nyinyi mawakili vijana mnapenda kujidanganya kwamba mtu huharibika kwa sababu kubwa. Mimi nilitaka kiti chenye mikono ya kuegemea na jina langu mlangoni, Mungu anisamehe.

Wakati huohuo Mji ulikuwa unapanua barabara ya kuelekea soko la samaki. Barabara ilipitia kwa mjane mmoja, Mama Risper, aliyeuza mahindi mabichi na kumwogopa Mungu. Ramani yetu ilisema ua wake umeingia kwenye hifadhi ya barabara. Yeye alisema jiwe la mpaka limesogezwa, na akaomba mpimaji wa serikali aje kabla ya kuguswa. Aliandika barua kwa mkono wake, ukurasa mmoja tu. Nakumbuka mstari wa mwisho: ndani ya ua huo kuna kaburi la mwanangu aliyekuwa mwalimu, naomba msilikanyage.

Barua hiyo ilikuwa kwenye faili langu. Ramani haikuonyesha kaburi lolote. Mimi niliisoma barua, nikaitoboa, nikaifunga kwenye faili, nikaendelea na mengine.

Jumatano alasiri Meneja wa Mji akaniita. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na hiyo sauti ya chini ndiyo tuliyokuwa tukiiogopa.

"Wakili, kesho tinga tinga linaingia kwa yule mama."

"Wakili wake amepeleka hati ya dharura Kisumu, bwana Meneja. Jaji atamsikiliza asubuhi na mapema. Akipata zuio, hatugusi hata ua." Zuio ni amri ya kusimamisha jambo mpaka kesi isikizwe.

"Akipata. Na atatuletea nani hilo zuio?"

"Mzee Ouma."

"Na atampa nani?"

Alikuwa anajua jibu. Hati zote za korti nilipokea mimi.

"Basi kesho asubuhi hauko," akasema. "Mchana uko. Kwani ni ngumu?" Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo: "Na ile bodi ya kuchagua Mkuu wa Sheria inakaa mwezi ujao. Jiandae."

Nilisema, "Sawa, bwana Meneja." Neno moja, sawa. Nimelitafuna miaka yote hii na halijaisha mdomoni.

Nyinyi wa siku hizi hati zinawafikia kwa barua pepe, hamna pa kujificha. Sisi tulikuwa na mpeleka hati, mtu mwenye kibali cha korti anayebeba amri mkononi, akupe, kisha aape kwa maandishi alikupa lini, wapi, na kwa macho yake. Mzee Ouma alikuwa amefanya kazi hiyo tangu nikiwa mwanafunzi. Kiapo chake majaji walikiamini kuliko maneno ya mawakili wengi, na mimi najihesabu humo. Hakuongeza, hakupunguza. Alichokiona alikiapia, asichokiona alikiacha.

Alhamisi nilifika mapema kuliko mfagiaji. Nikamwambia katibu wangu, Beatrice, "Mtu akiniuliza, sijafika." Akanitazama. "Hata Mzee Ouma?" "Hasa Mzee Ouma." Nikajifungia ndani, nikazima simu ya mkononi, nikavua viatu ili visigote sakafuni.

Saa nne na dakika chache nikasikia pikipiki nje, halafu sauti yake.

"Habari ya hapa, mama. Nyar Seme yuko?"

"Hajafika, mzee."

"Niko na amri ya jaji. Ya kusimamisha kazi kwa Mama Risper. Ni ya haraka sana."

"Hajafika," Beatrice akarudia, na sauti yake ikapanda kidogo mwishoni.

"Basi wacha nimngoje." Benchi likalia.

Chini ya mlango kulikuwa na upenyo, na kwenye upenyo nikaona ncha za viatu vyake, vya ngozi, vimetiwa vumbi na njia. Viatu havikusogea. Mimi nilikuwa nimekaa kitini, mikono mapajani, napumua kwa mdomo. Nilijua sheria, jamani. Nilijua kwamba mtu akishajua amri ipo, hata kwa kuisikia tu, anafungwa nayo. Na nilikuwa nimeshaisikia, neno kwa neno, kupitia ubao wa mlango. Kuinua simu ya mezani na kumwambia injinia wa barabara asimamishe tinga tinga kungechukua muda wa kumeza mate.

Vumbi la faili lilinishika puani. Nilijibana, nikajibana, halafu nikapiga chafya.

Halafu Mzee Ouma akasema polepole, "Beatrice, panya wenu ana mafua."

Nadhani Beatrice alikuwa analia, sikuwahi kumuuliza.

Baada ya muda mzee akaanza kuzungumza tena, na ingawa alisema "Beatrice, Beatrice," mimi nilijua anaongea na mlango. "Mimi nilikuwa kwenye mazishi ya yule kijana, unajua. Mwalimu mzuri. Alimfundisha mjukuu wangu hesabu. Mama yake alishikwa na wanawake wanne asiingie shimoni naye. Sasa Beatrice, nyumba mtu anaweza kujenga tena. Lakini kaburi likishapondwa, utamwambia mama nini?"

Nilisimama. Naapa nilisimama, nikafika mlangoni, nikashika ufunguo. Ulikuwa na baridi. Nikafikiria bodi ya mwezi ujao. Nikafikiria sauti ya chini ya Meneja. Nikarudi kukaa.

Saa sita na robo simu ya mezani ikalia mara moja ikakatika, kisha mara moja tena. Hiyo ilikuwa alama tuliyokubaliana na Meneja: kazi imeisha. Nikavaa viatu, nikachukua mkoba, nikatokea mlango wa nyuma uliopitia stoo ya faili, nikazunguka jengo lote juani, nikaingia kwa mlango wa mbele kama mtu anayetoka safari.

"Pole sana, mzee, nilikuwa nje."

Akainuka, akavua kofia. "Oyawore, nyar Seme," akaniamkia salamu ya asubuhi, na ilikuwa saa sita na nusu. Akanipa amri. Nikaipokea kwa muhuri, nikaandika saa ileile, nikatia sahihi. Akakunja nakala yake, akaondoka.

Wakili wa Mama Risper akarudi kortini kudai kwamba Mji umekaidi amri, na kuomba barabara ifukuliwe pale palipokuwa na kaburi ili mabaki ya yule mwalimu yatolewe na kuzikwa upya. Yote yakasimama juu ya swali moja: Mji ulijua saa ngapi? Mzee Ouma akaitwa kizimbani, wakili wa mama akamuuliza.

"Ulifika saa ngapi?"

"Saa nne na kitu."

"Wakili wa Mji alikuwa ndani?"

"Sikumwona."

"Ulisikia mtu ndani?"

Akafikiri. "Nilisikia chafya, Mheshimiwa. Lakini chafya haina jina. Siwezi kuapa kwa chafya."

Alijua. Angeweza kunimaliza kwa sentensi moja, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alikuwa mtu wa kiapo, na kiapo chake kikanikinga mimi niliyekuwa sina hata kimoja. Nami nikasimama, nikarekebisha kola, nikasema, "Mheshimiwa Jaji, ndiyo mara ya kwanza naona Mji ukishtakiwa kwa sababu ya mafua."

Korti ikacheka. Jaji mwenyewe alitabasamu. Mama Risper alikuwa kiti cha mbele, kitambaa cheupe kichwani, na hakucheka. Alinitazama tu, bila hasira, kama mtu anayesubiri nimalize.

Jaji akaamua kwamba kumwambia katibu si kuuambia Mji, na kwamba Mji ulijua saa sita na nusu, kazi ikiwa imeshamalizika, basi hakuna ukaidi. Hawezi kuagiza barabara ya umma ikatwe. Lami ikamwagwa. Mwezi uliofuata nikapata kiti.

Nilikikalia miaka mingi. Nilifundisha mawakili wengi, wengine majaji leo. Siku ya kustaafu waliniandalia karamu Kisumu, samaki wakubwa mezani, hotuba ndefu, na mmoja akasimulia ile kesi ya mafua kama mfano wa ucheshi wangu. Wakapiga makofi. Nilikwenda msalani nikatapika.

Kustaafu kuna ubaya mmoja ambao hawakuambii: hakuna faili la kujifichia. Mwaka jana nikaenda kwa Mama Risper. Amejenga kinyumba kwenye kipande kilichobaki, na malori yanapita mbele yake siku nzima. Alinikaribisha, akanipa kiti, akakaa. Nikamwambia yote, tangu ile "sawa" mpaka mlango wa nyuma. Nikalia pia, nisifiche.

Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Kwa nini unaniambia mimi?"

"Nakuomba msamaha, mama."

"Mimi nilijua siku ile ile. Ouma hakuniambia, lakini nilikuona usoni ukichekesha watu." Lori likapita, akangoja lipite. "Mimi si jaji, nyar Seme. Kama una maneno, peleka yanapotakiwa. Kila siku magari yanapita juu ya mtoto wangu na wewe unaniletea machozi?"

Nilitoka pale nimenyong'onyea. Nilikuwa nimekwenda nikitarajia kupewa kitu, kumbe ni mimi niliyekuwa na cha kutoa.

Basi nimekitoa. Nimeapa hati ya kiapo, kurasa tatu, na wakili wa mama ameipeleka pamoja na ombi la mapitio, yaani jaji aangalie upya uamuzi kwa sababu umepatikana ushahidi ambao haukuwapo. Wenzangu wamenijia juu. Mmoja ananiambia siri ya mteja haivunjwi. Ushauri niliompa mteja ni siri, ndiyo, lakini kujificha nyuma ya mlango si ushauri. Mwingine ananiambia nitafutwa kwenye orodha ya mawakili, jina langu liwe mfano mbaya darasani. Huenda. Naogopa sana, sitawadanganya. Mzee Ouma alishatangulia, kwa hiyo, ukimwacha Beatrice aliyetii tu, katika wale wawili waliokuwa pande mbili za ule mlango nimebaki mimi peke yangu.

Kesi itasikizwa Jumanne. Sijui jaji ataamua nini, wala hakuna wakili anayejua, akikuambia anajua mkimbie. Jana nilipita kwa Mama Risper kumpa habari za tarehe. Nilimkuta nyuma ya nyumba na panga. Amefyeka nyasi mahali pa urefu wa mtu mzima, amepiga vigingi vinne vya kaburi jipya, na hakuwa amemngoja jaji.