Nilimkana Fundi Wangu wa Mikeka Mbele ya Watu

Kosa ni langu. Sisingizii shetani, maana hata shetani angeona haya kwa maneno niliyoyasema siku ile, na aliyenifundisha amekaa hatua tatu mbele yangu. Mnaosoma haya niiteni mtakavyo. Majina yote mabaya nimekwisha kujiita mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa Kinondo. Kusuka nilifunzwa na Bi Mwanatumu, fundi wa mikeka ambaye ua wake haukosi wasichana wala miyaa, majani yetu ya kusukia, iliyoanikwa juani. Alinifunza bure, toka kuchana miyaa na kuitia rangi hadi kusuka ukili, ule utepe mrefu wa miyaa, usiopinda. Nikikosea alinipiga vidole kwa kipande cha ukuti. Nililia, nikafumua, nikasuka tena.

Kwa msiojua, mkeka wetu haushonwi ukiwa umetandazwa. Ukili mrefu huzungushwa na kushonwa mpaka ukawa kama gunia lisilo na kitako, kisha hukatwa toka juu hadi chini, nao ukafunguka. Hapo kwenye kukata ndipo fundi anapojulikana, maana ukikatwa na asiyejua miyaa yote hufumuka. Bi Mwanatumu hakumwonyesha mtu kukata mpaka amalize mkeka wake mwenyewe. Siku hiyo mwanafunzi humpa fundi leso, huombewa dua, hupewa radhi, na mkasi.

Mimi sikufika huko! Nilikuwa katikati ya mkeka wangu wa kwanza nilipochaguliwa kwenda Kwale kwenye mafunzo ya akina mama, kwa sababu nilijua kusoma. Wiki nne! Tulifunzwa kuoka keki ndani ya debe, na kutarizi vitambaa vya kufunikia trei ambazo hakuna kati yetu aliyekuwa nazo. Ilipofika siku ya kazi za mikono, memsahib wetu, bibi wa Kizungu aliyeletwa na serikali kutufunza, aliushika mganda wa miyaa akauliza huchemshwa kwa muda gani kabla ya kuliwa. Wallahi! Sisi ndio tuliomfunza yeye, na yeye ndiye aliyetupa vyeti.

Cheti changu kilikuwa na muhuri mwekundu. Nilikitia kwenye kioo nikakitundika juu ya kitanda, mume wangu akawa analala chini ya serikali.

Mwaka huohuo kukawa na maonyesho Msambweni. Ilijulikana kwamba anatafutwa mwalimu wa kusuka, wa kuzunguka vijiji toka Diani hadi Shimoni. Watu wa Kinondo walikuja wakijua kwamba kazi ni ya Bi Mwanatumu. Nani mwingine? Yeye mwenyewe alikuja na kanga mpya, akakaa mstari wa mbele na ukili wake mkononi.

Memsahib alipita akitazama kazi zetu. Akauinua ukili wangu, akausifu, akamwambia karani wake aniulize nani amenifundisha.

Jina lilikuwa mdomoni. Nililimeza! Niliona baiskeli ya mwalimu, niliona viatu, niliona wanawake wa vijiji vyote wakiniinukia nikipita.

"Nilifunzwa Kwale," nikasema. "Kwenye mafunzo yenu, memsahib."

Akapiga makofi, karani akaandika jina langu. Bi Mwanatumu alinitazama mara moja tu, akavuta kanga yake kichwani, akaendelea kusuka. Nyuma yake mama mmoja wa kwetu akauliza kwa sauti, "Kwale kumeota miyaa lini?" Watu wakacheka. Mimi nikajifanya sikusikia.

Basi nikawa mwalimu! Nikapewa banda la mabati pale Msambweni, mabenchi na ubao. Nilichora ukili kwa chaki, nikawaonyesha wanawake waliokuwa wakisuka kabla mimi sijazaliwa. Nilikataza kukaa chini, kwa kuwa barua ya kunipa kazi ilitaja mabenchi. Nilikataza kubana ukili kwa kidole cha mguu, eti si usafi. Walinitii, maskini, na kazi zao zikapinda kwa utiifu.

Kila mkeka ulipokuwa tayari kukatwa, mimi nilipata homa. Nilipokwisha kuchoka kuumwa, nikatoa amri kwamba kukata ni kazi ya nyumbani.

Mwanafunzi wangu Mejumaa alikuwa amesuka miezi minane mkeka wa harusi ya binti yake. Aliuleta darasani, yeye na binti huyo, siku memsahib alipotutembelea, harusi ikiwa Ijumaa ile. "Mwalimu," akasema kwa adabu zote, "tukatie, mgeni naye aone." Ningekimbilia wapi? Nikashika mkasi, nikasema bismillahi, nikakata toka juu hadi chini.

Ulifunguka vizuri, tukapigiwa makofi. Kisha binti akainua ncha moja. Miyaa ikaanza kuchomoka, mmoja, wa pili, wa tano, mpaka pande zote mbili zikabaki ndevu tupu. Mejumaa alipiga magoti akawa anaiokota.

"Miezi minane, mwalimu," akasema. Ningependa anitukane!

Kesho yake niliubeba mkeka mpaka Kinondo.

"Shikamoo, Bi Mwanatumu."

"Marahaba, mwalimu."

Mwalimu! Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, tena mkeka wa watu nimeuharibu na harusi ni Ijumaa.

"Mkeka nipe," akasema. "Bibi harusi hajanikosea kitu. Wewe geukia ukutani."

"Bi?"

"Geuka. Nataka kufanya kazi."

Nikageuka. Mtu mzima mwenye cheti, nimekaa uso ukutani kama mtoto aliyekojoa kwenye chuo cha Kurani! Nyuma yangu nilisikia sindano ikipita, na sauti yake akiwaambia wajukuu zake wadogo, "Mmeona? Kwanza hapa, halafu hapa." Walikuwa wameona. Mimi niliona chokaa.

Mkeka ukapona, umepungua shibiri moja, na bibi harusi akaukalia. Radhi sikutajiwa. Mejumaa hakurudi darasani, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja, wakawa wanakwenda Kinondo kwa miguu kukaa chini.

Kwenye maonyesho yaliyofuata nilisimama bila kuulizwa na mtu. Nilisema kwa sauti, mbele ya memsahib na watu wote, kwamba aliyenifundisha kusuka ni Bi Mwanatumu, yule pale. Machozi yalinitoka, nami nilidhani ndiyo nimeokoka.

Watu wakamgeukia. Hakuinua kichwa.

"Huyo si wangu," akasema. "Wangu wanajua kukata."

Msambweni nzima ilicheka, na karani pia. Na alisema kweli.

Nyinyi mnaosoma, mkiulizwa nani kawafunza, mtajeni papo hapo, yeye akiwa anasikia, kabla karani hajachovya kalamu. Mkichelewa, mtalitaja jina na mwenyewe atalikataa.

Kazi ninayo bado. Barua za ofisini zaniita mtaalamu wa mikeka. Jumatatu napelekwa Shimoni kufungua darasa jipya, na tangu niambiwe namwomba Mungu jambo moja tu, nisikute huko mkeka uliokwisha shonwa, unaongoja mkasi.